Watabiri wa Chungu

Kila mwaka unapokaribia kwisha, katika nchi za Ulaya na Marekani hutokea watu wanaotangaza vyakula vitakavyopendwa mwaka ujao. Mmoja hutaja nafaka fulani, mwingine kiungo fulani, wa tatu unga ambao jana hakuna aliyeujua. Magazeti huyapokea maneno hayo, na waandishi wa mambo ya jikoni huyafuata mbio. Ndugu wasomaji, sisi nasi twaandika habari za chakula katika ukurasa huu. Basi yatupasa kujiuliza: je, tuwafuate watabiri hao?

Kwanza tumtazame anayetabiri. Kampuni ya McCormick ya Marekani hutoa utabiri wa ladha tangu mwaka 2000. Kazi yake ni nini? Ni kuuza viungo. Whole Foods Market, kampuni ya maduka ya vyakula, nayo hutoa orodha yake kila mwaka. Hatusemi kwamba watu hao ni waongo. Lakini mtu akitangaza kwamba kesho watu watapenda kitu kilichomo dukani mwake, hatabiri tu, bali anaita wanunuzi. Na mwandishi anayeyarudia maneno yake bila kuyapima amekuwa mpiga mbiu wake asiyelipwa ujira.

Twaikumbuka habari ya Yosefu kule Misri. Yeye pia alitabiri mambo ya chakula: miaka saba ya shibe na miaka saba ya njaa. Lakini alitabiri ili ghala zijazwe na watu wapate kula. Hawa hutabiri ili watu wapate kununua.

Tena, sifa za magazeti hazikomei mezani, bali hufika hata shambani. Watu wa milima ya Bolivia na Peru wana nafaka yao ya tangu kale, iitwayo kwinoa. Wageni walipoanza kuisifu, bei yake ilipanda sana, na Umoja wa Mataifa ukautaja mwaka 2013 kuwa mwaka wa kwinoa. Wakulima walifurahi, wakalima mashamba mapya. Wengine nao wakapanda kwa wingi, hata kuanzia mwaka 2015 bei ikaanguka. Waandishi walikwisha kuhamia sifa nyingine. Mkulima alibaki na magunia yake.

Sasa tuje kwetu Kongo. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa Kwango uitwao konzo, yaani miguu iliyofungwa, kwa lugha ya Wayaka. Mtoto aliyelala mzima huamka miguu imekakamaa, wala hairudi tena kuwa kama zamani. Huwapata hasa watoto na akina mama. Sababu yake ni sumu ya muhogo mchungu usiolowekwa vema, tena ukiliwa pasipo maharagwe, samaki wala nyama ya kutosha. Mabibi walijua kuuloweka siku tatu. Lakini barabara ilipofunguka na wachuuzi wa Kinshasa wakautaka upesi, wengi katika jimbo la Bandundu walipunguza siku hizo, na konzo ikazidi.

Kuna njia rahisi ya kuongeza usalama, nayo imefundishwa vijijini Kwango tangu mwaka 2010. Unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa mwembamba, kisha huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu ipate kutoka. Halafu hupikwa ugali siku ileile. Haiugharimu mfuko hata franka moja. Wala katika orodha za watabiri huwezi kuikuta, kwa kuwa hakuna wa kuiuza. Je, mwandishi aliyejaza ukurasa wake mambo ya kwinoa, akakosa nafasi ya kuandika habari hii, amewatumikia nani?

Hata hivyo tusidharau kila utabiri. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, katika Kivu ya Kaskazini. Mtu akituonya kwamba ugonjwa wa namna hiyo waja upande wetu, au kwamba mvua zitachelewa na maharagwe yatapanda bei, tumsikilize na kuandika upesi, ili jamaa wajiandae. Wala si kila sifa ya wageni ni ya bure. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulisifu ulezi, uwele na mtama, na kwa nafaka hizo mabibi zetu walipika uji tangu zamani. Walitukumbusha mali yetu wenyewe, nasi twashukuru.

Basi sisi tumeamua hivi. Habari ya chakula kipya ikitufikia, tutauliza maswali matatu. Anayeileta auza nini? Mama anayetusoma aweza kukipata chakula hicho sokoni kwake, kwa fedha aliyo nayo? Na watoto wake watapata nguvu zaidi kuliko za jana? Majibu yakiwa mema, tutaandika, hata kama hakuna aliyetabiri. Yakiwa mabaya, tutanyamaza, hata kama dunia nzima inashangilia. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mama mwenye busara huonja kwanza, ndipo awapakulie watoto. Nasi tunaowaandikia tusifanye pungufu ya hayo.