Mwongozo Si Riwaya

Muhula wa kwanza ndio huu na wenzetu wa kidato cha nne tayari wanatembea na miongozo kwapani. Riwaya yenyewe imelala dawatini. Ati wakati hautoshi! Kweli, mwanafunzi wa kutwa akifika nyumbani kuna maji ya kuteka na taa moja ya kugombania na ndugu zake. Lakini jameni, karatasi ya tatu ina alama 80. Ukipewa dondoo utaulizwa muktadha: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Aliyekariri orodha ya maudhui tu atajulia wapi? Nasi wa kidato cha tatu twawaiga. Naomba chama chetu kitutengee nusu saa baada ya chakula cha mchana, mmoja asome kwa sauti, wengine tusikilize, maana hapa nakala moja ni ya watu watatu.