Tozo ya ujuzi inalipia shahada, fundi anaambiwa ajiajiri



Tangu Bodi ya Mikopo ifungue dirisha la stashahada mwezi Oktoba 2023, nimekuwa nikisubiri mtu wa serikali aulizwe swali moja rahisi: na wa VETA je? Hajaulizwa. Au kaulizwa, kala buyu. Wenzetu wa chama tawala wamejaza mitandao na pongezi, mama kaupiga mwingi, mikopo imeshuka hadi vyuo vya kati. Sawa, imeshuka. Lakini tuangalie imeshukia wapi na imemruka nani.

Serikali ilitenga shilingi bilioni 48 kwa wanafunzi 8,000 wa stashahada kwa mwaka wa masomo 2023/24. Upande wa vyuo vikuu zilitengwa zaidi ya bilioni 700. Hao 8,000 nao hawakuwa wa kozi yoyote, walikuwa wa makundi yaliyochaguliwa: afya na sayansi shirikishi, ualimu na ufundi, usafirishaji, uhandisi na nishati, madini na sayansi ya ardhi, kilimo na mifugo. Kama ulikuwa unasoma uhasibu, uandishi wa habari au maendeleo ya jamii, pole yako. Na kama ulikuwa chini ya stashahada, yaani uko astashahada, au uko VETA unajifunza kuchomelea, bomba, umeme wa magari, ushonaji, wewe hukuwemo kabisa. Hata fomu haikukuhusu.

Hapa ndipo napata hasira, na nitaeleza kwa hesabu ili mtu asije akasema tunapiga kelele tu.

Chukua nyumba moja yenye watoto wawili. Mama anauza maandazi, baba hayupo. Mtoto wa kwanza kaenda chuo kikuu, kapata mkopo, na posho ya chakula na malazi, lile bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku. Anastahili, na simwonei wivu; tulipigania iongezwe kutoka 8,500 na bado haitoshi. Mtoto wa pili kapata nafasi chuo cha VETA, mwanafunzi wa kutwa. Ada yake ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Yaani ada ya mwaka mzima ya huyu mdogo ni bumu la kaka yake la siku 6. Serikali ileile, nyumba ileile, umaskini uleule, lakini mmoja anatambulika kuwa mhitaji na mwingine hatambuliki. Kosa lake ni lipi? Kuchagua spana badala ya kalamu?

Najua jibu lao, maana nimelisikia mara nyingi: "VETA ni rahisi, kutwa elfu 60, bweni laki na 20, mzazi yeyote anaweza." Anayesema hivyo hajawahi kumsomesha mtu ufundi. Ada siyo gharama. Gharama ni ovaroli na viatu vya usalama, ni sanduku la zana ambalo bila hilo utabaki unatazama wenzako, ni nauli ya kila siku au kodi ya chumba, ni kula. Na vyuo vya serikali nafasi hazitoshi, hivyo kijana anasukumwa kwenda chuo binafsi ambako hiyo elfu 60 utaisikia kwenye redio tu. Mimi nilisoma umeme wa majumbani kwenye chuo cha namna hiyo, nikidunduliza kwa kubeba zege Jumamosi na Jumapili. Darasani tulianza 34, tukamaliza 19. Hakuna aliyefeli kati ya wale 15. Waliishiwa hela.

Sasa njooni kwenye jambo ambalo natamani kila mwanachama wetu alikariri, kwa sababu hata vijana wa CCM wakilijua litawauma.

Kuna tozo inaitwa tozo ya kuendeleza ujuzi, kwa kifupi SDL. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi anailipa juu ya jumla ya mishahara anayotoa. Zamani ilikuwa asilimia 6, ikawa inapunguzwa kidogo kidogo, na kwenye bajeti ya 2023/24 ilifika asilimia 3.5. Chimbuko lake ni sheria ya ufundi stadi, ileile iliyounda VETA mwaka 1994. Jina lake lenyewe ni ujuzi. Ilianzishwa ili waajiri wachangie kufundisha mafundi, kwa sababu wao ndio watakaowatumia. Mantiki nzuri kabisa.

Lakini kinachofika VETA ni theluthi moja. Theluthi mbili zinabaki Hazina, na kwa miaka mingi fedha hizo zimekuwa zikitumika kugharamia mikopo ya elimu ya juu. Waajiri wenyewe wamelalamika mpaka wamechoka kwamba wanalipa tozo ya ufundi halafu ufundi hawauoni. Rudia tena taratibu: fedha inakusanywa kwa jina la fundi, inakwenda kumkopesha mwanafunzi wa shahada, kisha fundi akiomba mkopo anaambiwa sheria haimtambui. Huyu kijana anayechomelea mageti pale Tandika anatumika kama kibao cha kuombea mchango, halafu mchango ukishaingia, kibao kinatupwa uvunguni.

Simlaumu mwanafunzi wa chuo kikuu, nasema tena. Mkopo wa shahada ni wajibu wa serikali na ulipiwe kwenye mfuko mkuu, kwa kodi zetu, bila kujificha nyuma ya tozo ya mtu mwingine. Wanachofanya ni kuwagombanisha watoto wa maskini kwa maskini.

Wanasema pia kwamba sheria iliyounda Bodi, Na. 9 ya mwaka 2004, ni ya elimu ya juu, hivyo mikono yao imefungwa. Hivi, hiyo stashahada wameiingizaje? Waliamua. Wakitaka kuamua wanaamua, wasipotaka wanatafuta kifungu.

Na huku kuamua kwa utashi wa mkubwa tumeshakuona matokeo yake. Wangapi mnakumbuka Mei 2016 pale UDOM? Wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA waliamriwa kuondoka chuoni ndani ya saa 24. Ilikuwa programu ya serikali yenyewe, wamedahiliwa na serikali, wanasomeshwa kwa mkopo wa serikali, kwa sababu nchi haikuwa na walimu wa hesabu. Walimu wao waligoma kufundisha kwa madai ya malipo. Wanaofukuzwa ni wanafunzi. Siku chache baadaye Rais wa wakati huo akawaita vilaza hadharani. Vijana wa miaka 17, 18, wamebeba magodoro stendi ya Dodoma usiku, hawana nauli. Wengine baadaye walihamishiwa vyuo vya ualimu, wengine mpaka leo hatujui. Kipaumbele cha taifa kiligeuka aibu ya taifa kwa tamko moja.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuna orodha ya "kozi za kipaumbele", mimi naangalia nani kaishika kalamu. Orodha inayotungwa na wizara mwaka huu inaweza kufutwa na wizara mwaka kesho, na wewe uko muhula wa tatu. Haki ya mwanafunzi ikae kwenye sheria.

Tuwe wakweli na upande wa pili wa hoja, maana wapo wanaosema, na si wote ni wapambe: ukifungua mikopo kwa kila chuo cha ufundi, vyuo vya mfukoni vitaota kama uyoga, vitakula hela na kutoa vyeti hewa. Hofu hiyo ni ya kweli. Chuo nilichosoma mimi kilikuwa na testa moja ya kupimia umeme kwa darasa zima, na mwalimu wa vitendo tulimwona wiki mbili. Ningekuwa nimesoma kwa mkopo, leo ningekuwa nalipa deni la testa niliyoigusa mara nne.

Marekani yamewakuta haya, tena kwa mabilioni ya dola. Kule kozi fupi za kazi zinapata msaada wa serikali tangu zamani, ila sheria inadai ziwe zinamwandaa mtu kwa kazi yenye kipato. Kwa miaka mingi hakuna aliyepima kama kweli zinamwandaa. Mwaka 2015 kampuni ya vyuo ya Corinthian Colleges ikafunga milango ghafla, wanafunzi wapatao 16,000 wakabaki na madeni na vyeti visivyo na thamani. Serikali ya Obama ilikuwa imeshaweka kipimo: kama marejesho ya mkopo wa wahitimu wa kozi yanazidi kiwango fulani cha kipato chao, kozi inapoteza sifa ya kupokea fedha. Serikali ya Trump ikakifuta mwaka 2019. Oktoba 2023, ya Biden ikakirudisha: marejesho yasizidi asilimia 8 ya kipato cha mwaka au asilimia 20 ya kinachobaki baada ya mahitaji ya lazima, na kozi ikishindwa mara mbili ndani ya miaka mitatu, inakatwa. Wanavutana kila uchaguzi, wenye vyuo wana mawakili wao. Lakini oneni wanachovutania. Wanauliza, hii kozi inampa mtu kazi? Sisi tunauliza, hiki cheti ni cha ngazi gani?

Sisemi tunakili ya Wamarekani. Kipato cha fundi wetu hakipo kwenye karatasi, na kozi ya ushonaji Kigoma huwezi kuipima kwa mizani ya Dar es Salaam. Lakini NACTVET ipo, inasajili vyuo, inatoa ithibati. Ishindwe vipi kufuatilia wahitimu mwaka mmoja baada ya kumaliza, kozi kwa kozi, chuo kwa chuo, na kuweka matokeo wazi kila mzazi aone? Chuo ambacho mafundi wake wako mtaani wanafanya kazi kipokee wanafunzi wa mkopo. Chuo ambacho wahitimu wake wote wamerudi kuendesha boda hali wamesomea majokofu, kikatwe. Kikatwe chuo, siyo mwanafunzi.

Kuhusu marejesho sitasema mengi. Wanadai fundi hana mwajiri wa kumkata mshahara. Lakini sheria ilishabadilishwa mwaka 2016, na mnufaika aliyejiajiri anadaiwa asilimia 10 ya kipato au angalau laki moja kwa mwezi. Njia ya kumdai aliyejiajiri waliipata zamani. Hiyo laki moja kwa fundi anayeanza ni kumnyonga, itabidi ibadilishwe, lakini wasituambie haiwezekani.

Na fedha? Tugawanye tu. Bilioni 48 kwa watu 8,000 ni wastani wa milioni 6 kwa mtu. Mwanafunzi wa VETA ukimkopesha milioni moja kwa mwaka, ya zana, nauli na chakula, kiasi hichohicho cha fedha kinawafikia vijana 48,000. Sijasema wale 8,000 wanyang'anywe. Nasema bilioni 48 nyingine zitoke kwenye zile theluthi mbili, ambazo ni zao tangu mwanzo.

Badala yake wakajenga majengo. Vyuo 63 vya wilaya na kimoja cha mkoa wa Songwe vilianza kujengwa, na kila waziri akapiga picha mbele ya msingi. Majengo ni mazuri, nani anakataa. Kuna na programu ya uanagenzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu inayowalipia vijana kadhaa mafunzo, nayo ni nzuri, ila ni nafasi za kugawiwa. Ukizikosa huna pa kukata rufaa. Halafu hawa wasiokopesheka kusoma wanaambiwa kwenye kila kongamano wajiajiri. Kwa mtaji gani? Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo vijana tulikuwa na asilimia 4 yetu, ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya CAG kuonyesha ilivyoliwa. Waliokula hawakukosa usingizi. Kijana wa watu ndiye aliyefungiwa dirisha.

Binti wa ushonaji akitaka cherehani, benki inamuuliza hati ya nyumba. Akitaka kusoma, Bodi inamuuliza cheti chake ni cha ngazi gani. Mwaka 2023 alipokwenda halmashauri, aliambiwa utaratibu mpya unaandaliwa.

Bajeti ya Wizara ya Elimu husomwa mwezi Mei. Kabla ya hapo, kila tawi la vijana liandike barua kwa mbunge wa jimbo lake, na tunajua bunge hili limejaa wa chama gani, ndiyo sababu waandikiwe. Swali liwe moja: kati ya SDL yote iliyokusanywa mwaka wa fedha 2022/23, shilingi ngapi zilifika VETA, na zilizobaki zilifanya nini? Msiongeze maneno, asipate pa kujificha. Barua ipelekwe kwa mkono ofisini kwake, igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala mbaki nayo. Akijibu, mtuletee majibu kama alivyoyasema. Asipojibu, mtuletee ule muhuri na tarehe yake.