Mradi unaondoka na maarifa, mnyauko unabaki na migomba

KABARE, Kivu Kusini – Mradi wa kilimo ukifika Kivu, kuna maneno ambayo hayakosi kwenye bango lake: "mtandao wa kubadilishana maarifa". Bango linasimamishwa kando ya barabara. Semina inafanyika Bukavu katika ukumbi wa hoteli, kwa Kifaransa, na washiriki wanatia sahihi, wanapokea franga za usafiri, wanapigwa picha. Muda wa mradi ukiisha, gari linaondoka na kompyuta inaondoka ndani yake. Bango ndilo linalobaki, na si muda mrefu linakuwa mlango wa banda la mbuzi. Hapo angalau limemfaa mtu.

Mkulima aliye nyuma ya bango hilo amebaki na nini? Wakuu wa miradi hawapendi swali hili. Kwa upande wa migomba, jibu lake linauma.

Mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001, kisha ukashuka mpaka Kivu Kusini. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata unakuta ndani rangi ya kutu. Haziliwi, na kasiksi haitengenezwi nazo. Katika nyumba nyingi za Kabare, Walungu na Kalehe, mgomba ndio chakula cha jioni na ndio minervali ya watoto. Mgomba ukifa, mtoto anarudishwa kutoka shuleni.

Ushauri wa kwanza uliotolewa kwa wakulima ulikuwa mkali: ng'oa shina lenye ugonjwa pamoja na machipukizi yake yote, hata yale yanayoonekana mazima. Kwa mama mwenye jembe moja, hiyo ni kazi ya kuvunja mgongo, na akimaliza anabaki na shimo. Wengi hawakuifanya, wakaonekana wakaidi. Baadaye watafiti wenyewe walithibitisha kwamba vijidudu vya ugonjwa haviingii lazima katika machipukizi yote ya shina moja. Inatosha kukata karibu na udongo ule mgomba unaoonyesha dalili, kuacha mingine, kisha kurudi shambani kila wiki kuangalia na kukata tena penye dalili mpya. Kumbe waliokataa kung'oa hawakuwa wajinga. Walikuwa wanahesabu chakula cha nyumba yao, na kama wangesikilizwa mapema, ushauri ungerekebishwa mapema.

Yanayobaki ni machache. Ua linaloning'inia chini ya mkungu livunjwe mara chana ya mwisho inapotoka, maana wadudu wanaolifuata ndio wanaobeba ugonjwa. Livunjwe kwa mti wenye panda, si kwa panga. Panga lililokata mgomba mgonjwa lichomwe moto mpaka liwe la moto kabisa, au lioshwe kwa javeli, kabla ya kugusa mgomba mwingine. Yote haya yanaingia katika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au kwa Mashi. Lakini ukiuliza ukurasa huo vijijini utaambiwa upo kwenye ripoti, na ripoti iko kwa mfadhili.

Ugonjwa huu haumalizwi na mtu mmoja. Mdudu hajui mpaka wa shamba, na panga linaazimwa kutoka nyumba hadi nyumba. Mlima mzima usipojua, yule mmoja aliyekwenda semina anapoteza nguvu zake bure. Kwa hiyo mtandao unaofaa ni ule unaofika kwa jirani, na huo upo tayari: akina mama wanaokutana katika MUSO kuweka akiba, waumini wanaosimama nje ya kanisa baada ya misa, wauza ndizi wanaozunguka masoko. Radio Maendeleo ya Bukavu, iliyoanza 1993, imefanya kazi miaka mingi na vikundi vya wasikilizaji vijijini. Hakuna hata kimoja hapo kinachodai hoteli.

Wataalamu watajibu kwamba maneno yakipita midomo mingi yanapotoka. Ni kweli. Mtu husikia "javeli" akafikiri ni ya kumwagia shina, na mwingine hukata mara moja tu akaamini amemaliza. Ndiyo maana muagronomu anahitajika, ila anahitajika shambani, tena arudi kila msimu kusahihisha na kusikiliza. INERA ina kituo chake Mulungu, ndani ya Kabare hii hii. Kinachomleta mtaalamu kijijini leo ni pesa ya mradi, na zikikauka haji tena.

Na zinakauka. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi Kongo ilikwama ghafla. Mahali ambapo wakulima walikuwa na daftari lao wenyewe na siku yao ya kukutana, waliweza kuendelea. Mahali ambapo kila kitu kilishikwa na mhuishaji anayelipwa kwa mwezi, walibaki wakisubiri simu.

Machifu wa grupma wana nguvu ya kubadilisha jambo hili, kwa kuwa hakuna mradi unaoingia bila kupita kwao. Kabla ya kuupokea, waombe mambo mawili kwa maandishi: nakala ya mafundisho yote, kwa lugha ya wakaaji, ibaki kwenye ofisi ya grupma na kwa kila MUSO, na sehemu ya pesa za semina ilipe wakulima wa mlima mmoja kwenda kuona mashamba ya mlima mwingine. Mradi unaokataa kuacha hata ukurasa mmoja, wauulize unakwenda kufanya nini nao.