Saratani ya Uti wa Mgongo: Miguu Ikianza Kulegea, Usingoje Kesho





Ndugu msomaji, wiki hii ukurasa wetu wa familia unaelekea Ngara na Biharamulo, wilaya mbili za mkoa wa Kagera. Huko, kama kwingineko wanakoishi kwa jembe, kuumwa mgongo si habari. Mama apandaye mlima na mkungu wa ndizi kichwani, baba asukumaye baiskeli yenye gunia la mahindi na kijana ashindaye shambani wote huulaumu mgongo jioni. Hujinyoosha, hukandwa kwa maji ya moto, humeza kidonge, na asubuhi huamka wakiwa na nafuu. Kwa kuwa mambo huwa hivyo mara nyingi, ugonjwa mzito hupata mahali pa kujificha. Nao ukishagundulika, aghalabu miguu imekwisha kufa ganzi.

Tuanze na umbile. Ndani ya pingili za mgongo umepita ugwe wa mishipa ya fahamu, wenye unene wa kidole kidogo na urefu wa takriban sentimita 45 kwa mtu mzima. Ubongo huutumia ugwe huo kuiamrisha miguu itembee na kibofu kifunge au kifungue. Na kwa ugwe huo huo ubongo hupata habari za joto, baridi na maumivu. Allah (s.w.) ameuhifadhi ndani ya mfereji wa mfupa. Lakini mfereji huo ni mwembamba na hautanuki. Uvimbe ukiota humo, au pingili ikiliwa na kubomoka, kinachobanwa ni ugwe wenyewe.

Watu husema "saratani ya uti wa mgongo" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Saratani inayoanzia ndani ya ugwe wenyewe ni nadra. Iliyo ya kawaida zaidi ni ile iliyoanzia kwingine ikasafiri kwa njia ya damu hadi kwenye pingili: saratani ya matiti kwa wanawake, ya tezi dume kwa wanaume, na ya mapafu kwa wote. Ziko pia saratani za damu na za uboho wa mifupa zinazoshambulia mgongo. Kwa hiyo mama aliyewahi kuona uvimbe kwenye titi, na mzee anayekojoa kwa shida, wakipatwa na maumivu mapya ya mgongo wasiyahesabu kuwa ni ya jembe. Wamweleze daktari habari zote mbili kwa pamoja, maana huenda asili yake ni moja.

Watoto nao hawakusalimika. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto. Saratani hiyo, iitwayo kwa jina lake, hupatikana zaidi katika nchi zenye malaria nyingi, na ukanda wa Ziwa Victoria umo. Mara nyingine huingia mgongoni, na mtoto aliyekuwa akikimbia hushindwa kusimama katika muda wa siku chache. Hukua kwa kasi ya kutisha, lakini husikia dawa za tiba kemikali vizuri. Mtoto aliyewahishwa ana matumaini makubwa ya kupona.

Hapa pana jambo ambalo kila familia ilijue: si kila mgongo uliobanwa umebanwa na saratani. Kifua kikuu huingia kwenye pingili, kikazila, mgongo ukatoa kinundu na miguu ikalegea. Kichocho, ambacho wengi katika kanda ya Ziwa wamekipata kwa kuoga na kuvua, mara chache hupeleka mayai yake hadi kwenye ugwe. Magonjwa yote mawili yana dawa, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini. Kwa macho huwezi kuyatofautisha na saratani. Ni msiba mkubwa basi mtu kulala ndani miezi mitatu akiingoja mauti ya saratani, kumbe anaumwa kifua kikuu kinachotibika.

Je, utajuaje kuwa mgongo huu si wa uchovu? Mgongo wa uchovu hupoa mtu akilala. Huu huuma zaidi usiku, hata mgonjwa akaona afadhali alale ameketi. Hauishi, bali huzidi wiki baada ya wiki. Maumivu huzunguka kifua au tumbo kama mkanda uliokazwa, au huteremka mguuni, na huzidi akikohoa au akipiga chafya. Huenda mtu akakonda, akatokwa na jasho la usiku au homa. Mwenye dalili hizi aende kituo cha afya wiki hiyo hiyo.

Baada ya hapo huja dalili za hatari, ambazo hazingoji wiki wala siku: miguu inajikwaa au inakuwa mizito, ganzi inapanda kutoka nyayoni au inashika sehemu za makalio na siri, mkojo unagoma kutoka au unatoka wenyewe, choo kinafunga au hakizuiliki. Dalili hizi zina maana kwamba ugwe unakufa. Madaktari huhesabu saa hapa. Mgonjwa anayeanza tiba angali akitembea, kwa kawaida huendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza, mara nyingi hata tiba bora haimrudishii miguu yake. Katika ugonjwa huu, siku mbili zinaweza kumtenga anayekwenda msikitini kwa miguu yake na anayebebwa.

Na siku hizo tunazipoteza wapi? Nyingine tunazipoteza kwa kusema kwamba mgonjwa amekanyaga kitu, au ametupiwa jini. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, lakini kisomo husomeka hata ndani ya gari liendalo hospitali. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba, wala hakutufundisha kuchagua kati ya dua na dawa. Nyingine tunazipoteza kwa kumkanda na kumvuta mgongo, ilhali pingili iliyoliwa huweza kuvunjika mikononi mwa mkandaji. Na nyingine hupotea kwa haya. Mzee huona aibu kumwambia mwanawe kwamba mkojo hautoki. Mama huficha titi lake hata kwa mumewe. Haya ni sehemu ya imani, lakini sheria yetu imeruhusu kujifunua kwa tabibu kwa kadiri ya dharura. Kuficha hadi kupooza si haya inayotakiwa.

Safari nayo ipangwe mapema. Mgonjwa wa namna hii asipakiwe kwenye bodaboda akipindwa na kutikiswa. Alazwe chali juu ya godoro lililotandikwa sakafuni mwa gari, na kutoka kijijini abebwe kwa machela iliyonyooka. Aanzie hospitali iliyo karibu: kwa Ngara ni Murgwanza, Rulenge au Nyamiaga, na kwa Biharamulo ni hospitali ya wilaya. Msiseme tu "anaumwa mgongo". Semeni "miguu inalegea tangu juzi, na mkojo hautoki". Daktari akisikia hivyo, ataweza kuamua kama ampe dawa ya kupunguza uvimbe unaouzunguka ugwe, amwekee mpira wa mkojo na kuandika rufaa bila kuchelewa.

Rufaa ya kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza. Picha ya kawaida ya eksirei huonesha mfupa, haioneshi ugwe. Kinachohitajika ni kipimo cha MRI, na mara nyingi kinyama huchukuliwa ili ugonjwa ujulikane kwa jina lake. Tiba huwa upasuaji, mionzi au tiba kemikali, kwa kadiri ya ugonjwa. Zamani aliyehitaji mionzi hakuwa na budi kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Siku hizi mionzi hutolewa Bugando pia. Na tangu Juni 2025, daraja la Kigongo hadi Busisi limeondoa kungojea kivuko. Asiye na uwezo aombe kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Misikiti yetu nayo inaweza kuweka akiba ya nauli ya wagonjwa, kwani mara nyingi fedha huchangwa haraka kwa maziko kuliko kwa safari ya tiba.

Tusisahau wale ambao miguu yao haikurudi. Mgonjwa aliyepooza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ngozi yake itazamwe na mashuka yawe makavu, kwani kidonda cha kulala humuua mtu polepole. Maumivu ya saratani yana dawa, ikiwemo mofini ya kunywa inayotolewa kwa cheti cha daktari. Si uasi kuitumia kwa haki yake. Wala swala haijamwondokea. Ataswali ameketi, akishindwa ataswali amelala, kwa ishara. Maji yakimdhuru atatayamamu, na mwenye mpira wa mkojo atatia udhu kila wakati wa swala unapoingia. Anayemgeuza, akamwosha na kumsaidia kutia udhu, yumo katika ibada.

Leo usiku, ndugu msomaji, muulize mzazi wako: mgongo unakuamsha? Miguu ina nguvu kama mwezi uliopita? Mkojo unatoka vizuri? Ni maswali matatu tu. Jibu likikutia shaka, alfajiri ikukute njiani.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na awarehemu waliotutangulia. Aamin.