MAJINA MENGI, MGOMBA MMOJA

Ukipita Daraja Mbili mjini Kisii siku ya soko, utaona mikungu ya ndizi imepangwa hadi ukose pa kukanyaga. Kuna mirefu na mifupi, yenye ndizi nene na nyembamba, na kila moja ina jina lake. Muulize mama yeyote pale, atakwambia ipi hulainika haraka jikoni na ipi yafaa kupikiwa wageni. Ndiyo maana sisi wa Kisii na Nyamira hujigamba ati tuna aina tele za matoke, hata ugonjwa ukija hatutakosa kitu. Mimi nasema hasha! Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwaka wa 2016, mtafiti Mercy Kitavi na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu matoke ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Walichukua aina 90 zenye sura tofautitofauti kutoka mikusanyiko ya Uganda na Kenya, wakazipima kwa alama 100 za DNA.

Alama hizo ni nini? DNA ni kama kitabu cha urithi kilichomo katika kila chembe ya mmea. Kuna mahali ambapo herufi chache hurudiwarudiwa, mithili ya mtoto mchanga asemaye "ma-ma-ma-ma". Mmea mmoja waweza kuwa na marudio 10, mwingine 15. Wataalamu hukitoa kipande hicho nakala nyingi mno maabarani, kisha hulinganisha urefu wake. Urefu ukitofautiana mahali pengi, mimea hiyo ni ya koo za mbali. Ukilingana karibu kila mahali, hao ni ndugu wa damu.

Na matoke je? Yalilingana karibu kabisa! Watafiti wakakata shauri kwamba aina zote hizo zilitokana na mgomba mmoja ulioletwa Afrika, ukaenezwa kwa machipukizi shamba hadi shamba.

Wengine watauliza, "Kwani wazee wetu walikuwa vipofu?" La! Mkungu waliouona mrefu ni mrefu kweli, na ladha waliyoionja ni ladha kweli. Majina yao ni hazina na tuyahifadhi. Lakini ugonjwa hausomi majina, jamani. Ugonjwa wa Panama uliangamiza mashamba makubwa ya ndizi za Gros Michel huko Amerika ya Kati katika karne ya 20, kwa kuwa migomba yote ilikuwa nakala moja. Ugonjwa huohuo huikausha migomba ya ndizi za sukari hapa Afrika Mashariki, ilhali matoke yaliyo kando yake mara nyingi husimama wima. Hiyo ndiyo faida ya koo zilizo tofauti kikweli. Matoke nayo yana adui wake, sigatoka nyeusi, inayounguza majani mpaka mkungu unadumaa. Hapo kupanda matoke ya majina matano si kinga. Ni ndugu watano wenye udhaifu mmoja.

Tufanye nini basi? Kwanza, mkulima asing'oe migomba ya ukoo mwingine ati kwa sababu matoke ndiyo yana bei. Achanganye matoke, ndizi za sukari na nyinginezo. Pili, tusiogope aina mpya zilizozalishwa kwa kuchanganya koo. Uganda ilitoa matoke yaitwayo Kiwangaazi mwaka wa 2010, nayo huihimili sigatoka nyeusi. Tatu, matokeo ya maabara yasibaki katika majarida ya Kiingereza. Nyanya aliye na migomba ishirini nyuma ya jiko ana haki ya kujua kwamba yote ni mmoja. Atajuaje asipoambiwa kwa Kiswahili na Ekegusii?

Hapo ndipo sisi wanachama tunapoingia. Tukishirikiana na Chama cha Kilimo, twaweza kupanda shamba dogo la migomba hapa shuleni, kila mmoja na kibao cha jina lake na ukoo wake, na kuwaalika wataalamu wa KALRO hapa Kisii waje watueleze zaidi. Siku ya wazazi, sisi ndio tuwe wakalimani.

Karo za wengi wetu zimetoka kwenye mikungu hiyo. Tusingoje majani yakauke ndipo tuulizane ukoo wa mgomba. Tahadhari kabla ya hatari.