Shukurani ya Punda, Uaminifu wa Farasi



Wasomaji wetu watukufu, wazee walituachia methali isemayo kwamba shukurani ya punda ni mateke. Aghalabu twaitumia tunapowalalamikia wanadamu wenzetu: mpwa aliyesomeshwa kwa taabu akasahau, au jirani aliyekopeshwa akanuna alipodaiwa. Ajabu ni kwamba anayekosa ni mtu, lakini anayesingiziwa ni punda.

Tukirejea katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu twaikuta hukumu nyingine. Sura ya 100, Al-Aadiyaat, inaanza kwa kiapo ambacho, kwa kauli ya wafasiri wengi, ni kiapo cha farasi waendao mbio wakihema, kwato zao zikitoa cheche. Baada ya kiapo hicho hutajwa tabia ya mwanadamu ya kukosa shukurani kwa Mola wake. Wapo wanavyuoni walioueleza uhusiano wa mambo hayo mawili hivi: farasi hulishwa na bwana wake chakula kidogo tu, naye humtii hata akajitosa hatarini kwa ajili yake, mwanadamu hulishwa, huvishwa na kuhifadhiwa na Mola wake usiku na mchana, na bado husahau.

Juma hili nimependa kuwasimulia habari ya farasi mmoja na bwana wake. Ni habari ya kweli iliyotokea Marekani, na watoto wataipenda wakisomewa baada ya chakula cha usiku.

Harry de Leyer alizaliwa Uholanzi mwaka 1927, akahamia Marekani mwaka 1950 pamoja na mkewe, mikono yao ikiwa karibu mitupu. Alilima, akafuga, hatimaye akapata kazi ya kufundisha wasichana wa shule moja katika Long Island kupanda farasi. Mwezi wa Februari 1956 alikwenda mnadani Pennsylvania kutafuta farasi wa bei nafuu kwa ajili ya wanafunzi wake. Njiani alicheleweshwa, na alipofika mnada ulikuwa umekwisha. Waliobaki ni farasi ambao hakuna aliyewataka, nao wamekwisha kupakiwa katika lori la kwenda machinjioni.

Miongoni mwao alikuwako farasi mmoja wa rangi ya kijivu iliyokaribia weupe, mchafu, mwenye makovu kifuani yaliyoachwa na hatamu za plau. Alikuwa amelima mashamba ya watu mpaka akachakaa. De Leyer akamtazama machoni, naye akamtazama. Akaomba ashushwe, akalipa dola 80. Farasi alipofika nyumbani theluji ilikuwa imemwangukia mgongoni, na watoto wa de Leyer wakampa jina la Snowman, yaani mtu wa theluji.

Ikawa ni farasi mpole kupita kiasi, asiyeshtuka wala kurusha teke. Wasichana waoga ndio waliopewa yeye wajifunzie. Lakini de Leyer alikuwa mtu wa kipato kidogo, mwenye watoto wa kulea, na daktari mmoja wa jirani alipotaka kumnunua kwa bei maradufu, akamuuza. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Nyumba ina mahitaji yake.

Farasi ndiye aliyekataa biashara hiyo. Aliruka ua wa daktari, akarudi kwa bwana wake wa kwanza. Akarejeshwa; ua ukainuliwa, akauruka tena. Mwishowe daktari akamfunga tairi zito ili asiweze kuondoka. Akarudi hivyo hivyo, akiliburura tairi nyuma yake. Hapo de Leyer akatambua mambo mawili: kwamba mnyama huyu amejichagulia nyumba, na kwamba mnyama aliyekwisha kukatiwa tamaa ana kipawa cha kuruka ambacho hakuna aliyekijua. Akamrudisha kwake, na hakumuuza tena.

Mafunzo hayakuwa mepesi. Vijiti vilivyolazwa chini vilimkwaza, ilhali kila kiunzi kilipopandishwa ndipo alipojikusanya na kuruka vizuri zaidi. Mwaka 1958, miaka miwili tu tangu kushushwa katika lile lori, Snowman alishinda ubingwa wa kuruka viunzi katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akiwashinda farasi wa nasaba na wa thamani kubwa. Mwaka 1959 akarudia ushindi huo. Matajiri walimjia de Leyer na ahadi za fedha nyingi mno. Akawajibu kwamba farasi huyu hauzwi. Jioni watoto wake walipanda mgongoni kwa bingwa huyo, wakaogelea naye baharini.

Mnamo 1969 Snowman alistaafishwa kwa heshima katika Madison Square Garden, akarudi shambani kwa bwana wake, akakaa huko mpaka alipokufa mwaka 1974. De Leyer mwenyewe alifariki mwaka 2021.

Wasomaji wapenzi, ushindi ndio unaovutia masikio, lakini ladha ya kisa hiki iko katika miaka mitano ile ya mwisho. Farasi hakuwa na faida tena. Hakuleta vikombe wala hakufundisha watoto wa shule. Alikula tu na kuota jua. Naye bwana wake akaendelea kumlisha. Kumpenda anayetuletea faida ni jambo jepesi kwa kila mtu. Mapenzi hupimwa siku faida inapokoma.

Dini yetu haikuliacha jambo hili kwenye hiari ya moyo. Mafakihi wameeleza kwamba kumlisha mnyama ni wajibu juu ya mwenye kummiliki. Na katika riwaya iliyopokewa na Abu Daud, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliingia katika bustani ya kijana mmoja wa Kiansari, akamkuta ngamia aliyelia alipomwona. Akampangusa mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe na kumwonya amche Mwenyezi Mungu katika mnyama aliyemilikishwa, kwani ngamia huyo amemshitakia kwamba ananyimwa chakula na kuchoshwa kwa kazi.

Sisi wa pwani hatuna farasi wengi, lakini tunao punda. Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari, punda ndiye aliyebeba mawe, mchanga na saruji za nyumba tunazokaa. Tangu miaka ya 1980 iko zahanati inayowatibu punda hapo Lamu, na anayempeleka mnyama wake hatozwi malipo. Kwa hiyo udhuru wa kumwacha punda na kidonda kibichi chini ya shogi ni mdogo. Mombasa nako wako wavutao mikokoteni juani, na wengine wakizeeka hufukuzwa tu wakajitafutie jaani. Mnyama aliyemlisha mtu na watoto wake kwa miaka kumi, je, hastahili ndoo ya maji na kivuli katika uzee wake?

Akina mama, ninyi ndio walimu wa kwanza. Mtoto hujifunza huruma kwa kutumwa kumpelekea paka maji, kwa kukatazwa kumtupia punda mawe, na kwa kuona kwamba anayechinja kuku nyumbani hunoa kisu kwanza na hamchinji mbele ya mwenzake. Mtoto aliyezoea hivyo hatapata taabu kumhurumia binti wa kazi aliyechoka, wala nyanya aliyerudia swali moja mara tatu. Na yule aliyezoeshwa kutupa kila kilichochakaa, tusistaajabu siku atakapotutazama sisi kwa jicho lile lile.

Basi tukiisema tena ile methali, tumsamehe punda. Aliye mwepesi wa kusahau wema, Mola wetu amekwisha kutuambia ni nani. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kushukuru, na atutilie huruma nyoyoni mwetu kwa kila kiumbe chenye roho. Amin.

Wassalaam.