Usimpime Mtoto kwa Urefu Wake

Mama anapanda matatu Dagoretti Corner na mwanawe wa miaka mitatu. Makanga anamtazama mtoto, kisha anadai nauli: "Huyu ni wa darasa la kwanza, mama!" Muziki unapofunguliwa mtoto anaziba masikio na kupiga mayowe. Abiria wananong'ona kwamba hakufunzwa adabu.

Msomaji, huenda adabu haihusiki hapo. Wako watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu katika jeni inayowafanya warefuke upesi kupita wenzao, kichwa nacho kikawa kikubwa. Inayojulikana zaidi huitwa Sotos, kwa jina la daktari Juan Sotos aliyeieleza huko Marekani mwaka wa 1964. Jeni yenyewe, NSD1, ilitambuliwa na watafiti wa Japani mwaka wa 2002. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 14,000.

Urefu si taabu kubwa. Wengi wao huchelewa kutembea na kusema, na wengi huonyesha dalili za usonji: hukwepa kumtazama mtu machoni, hurudia jambo lile lile, huteswa na kelele au badiliko dogo. Hapo ndipo mtoto anapoonewa. Mwili unasema miaka sita, ulimi unasema miwili, na watu huamini mwili.

Mama, usikubali kuambiwa ni laana au umemdekeza. Mara nyingi hitilafu hii hujitokeza yenyewe, wazazi wote wawili wakiwa hawana.

Tunza kijitabu cha kliniki. Kina tarehe ya kuzaliwa na jinsi mtoto alivyokua. Kionyeshe katika kituo cha afya cha karibu, uombe barua ya kumwona daktari wa watoto hospitali ya Kenyatta. Moyo, figo na dalili za kifafa pia vichunguzwe. Mwalimu wa nasari naye akione siku ya kwanza, asije akampa mtoto kazi ya wakubwa. Taasisi ya KISE, Kasarani, hupima mahitaji ya mtoto katika masomo, na Shule ya Msingi ya City, Ngara, ina kitengo cha wenye usonji.

Dawa ya kuiondoa hali hii haipo, lakini mafunzo ya kusema na mazoezi ya viungo yakianza mapema humsaidia sana mtoto.

Nawe abiria, kabla ya kumkemea mtoto mrefu anayelia kama mchanga, muulize mamake kwa upole ana miaka mingapi.